Binti amejifungua, shule inasitasita: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Manyatta hapa Kisumu, nachuuza omena na mboga. Binti yangu wa pili ana miaka 16. Alishika mimba akiwa shule ya kutwa, akajifungua, na mtoto sasa ana miezi saba. Anataka kurudi shule. Mwalimu mkuu ameniambia kwa mdomo kwamba ataharibu wenzake, nimtafutie shule nyingine, na kwanza nilipe deni la shilingi 11,500. Aliyemtia mimba ni kijana wa bodaboda wa miaka 24. Wazee wao wamekuja na habari ya ng'ombe mmoja, eti tumalize kinyumbani, na shemeji yangu anasema aolewe tu yaishe. Kila siku redioni nasikia sera za serikali za mtoto wa kike. Hizo sera ziko wapi ninapozihitaji? Tena sketi yake ya zamani haimtoshi. Ninunue sare mpya kabla sijajua kama atapokelewa?

Jibu: Mama, pole kwa mzigo, na hongera kwa mjukuu. Pole nadhani umepewa nyingi. Hongera huenda hukuisikia.

Nianze na lango la shule, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi, na kwa kweli ndilo jepesi kuliko yote uliyoyataja. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumkataa binti yako kwa sababu amezaa. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tunayo tangu 1994. Mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya korona na habari za mimba za wanafunzi zikiwa zimejaa magazetini, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya wa kurejea shuleni. Mwongozo huo unataka msichana mjamzito aachwe asome kadiri anavyoweza, apate muda wa kujifungua na kumlea mtoto akiwa mchanga, kisha apokelewe tena. Akiona haya kukaa na wenzake walewale, asaidiwe kupata nafasi shule nyingine. Lishike neno hilo, asaidiwe. Kuhama ni hiari ya binti, na kutafuta nafasi ni kazi ya shule pamoja na ofisi ya elimu. Mwongozo haumtumi mama aache meza yake ya omena akagonge malango ya mji mzima.

Nyuma ya mwongozo huo kuna sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetaka kuingia. Jina lisikuchanganye: kisheria "elimu ya msingi" inafika mpaka mwisho wa sekondari, haikomei pale tulipozoea kuita praimari.

Sasa rudi shuleni na karatasi. Nilikuwa afisa wa watoto katika kaunti za huku kanda ya ziwa kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na nilichojifunza ni kwamba kukataa kwa mdomo ni rahisi, kukataa kwa maandishi kuna kazi. Niliwahi kumsindikiza baba mmoja kwa mwalimu mkuu aliyekuwa ameapa kwamba "mama wa mtu" hatakanyaga darasani kwake. Hatukubishana naye. Tulimwomba tu aandike sababu zake kwenye karatasi yenye nembo ya shule, atie sahihi, agonge muhuri. Alitafuta miwani, akasoma barua ya yule baba mara mbili, akauliza binti anakaa wapi siku hizi. Jumatatu iliyofuata binti alikuwa darasani.

Barua yako iwe fupi: jina la binti, nambari yake ya usajili, kidato alichoachia, kwamba amejifungua na yuko tayari kurejea kwa mujibu wa mwongozo wa 2020. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Wakikataa kuipokea, au wakinyamaza wiki nzima, nenda nayo kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti yenu ndogo. Usiende kulalamika kwamba umetukanwa, hata kama umetukanwa. Sema kwamba una mtoto wa miaka 16 aliye nje ya shule, na hii hapa barua. Ofisi ile hupokea malalamiko mengi, lakini mtoto aliye nje ya shule ni jukumu lao kwa jina.

Kuhusu deni, kuna jambo ambalo mwalimu mkuu analijua na huenda wewe hulijui. Kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma aliyesajiliwa kwenye mfumo wa wizara, serikali iliweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka, nusu yake muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. Pesa hizo huchelewa, na kuna nyakati zinafika zikiwa pungufu, ndiyo maana walimu wakuu wengi wanadaiwa mahindi na maharagwe mpaka wanaogopa kupokea simu. Siwalaumu wote. Lakini binti akirudi anarudi na mgao wake, na asiporudi shule imepoteza. Uliza kwa upole kama jina lake bado limo kwenye mfumo. Swali hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Kisha omba mchanganuo wa hizo 11,500. Katika shule ya kutwa, mafunzo yanalipiwa na serikali. Mzazi kwa kawaida hubaki na chakula cha mchana na mambo madogomadogo. Je, kuna muhula binti alikuwa nyumbani ananyonyesha na bado ametozwa chakula? Nimeona madeni yakishuka kwa swali hilo. Kinachobaki, andikiana na shule utalipa kiasi gani kila mwezi, kiasi unachokiweza siku omena haijatoka.

Basari zipo tatu za kuziangalia: ya NG-CDF, yaani hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ya kaunti kupitia wadi, na ya hazina ya NGAAF iliyo chini ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Fomu nyingi zinapita kwa chifu. Lakini fomu huomba jina la shule na muhuri wake. Msichana asiye na shule hapati basari, na shule inamwambia alete basari kwanza. Mzunguko huo umewapoteza wengi. Ukate kwa kuanza na kupokelewa, basari ifuate.

Tuje kwa ng'ombe.

Binti ana miaka 16 sasa na mtoto ana miezi saba. Piga hesabu kurudi nyuma, utaona alikuwa hajatimiza 16 aliposhika mimba. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaita jambo hilo unajisi, haijali kama alikubali, na kwa mtoto wa umri huo adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 20. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu nchini ilisema majaji na mahakimu hawana ruhusa ya kushuka chini ya viwango hivyo. Wazee wa pande mbili hawawezi kuifuta kesi hiyo chini ya mwembe. Uamuzi wa kuendelea au kuacha ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ng'ombe akishaliwa kesi bado iko palepale.

Na kuolewa? Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18, bila "lakini". Anayemwoa mtoto anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Mwambie shemeji hivyo kwa heshima, tena mbele ya mashahidi. Mara nyingi mtu anayeshauri ndoa si mbaya. Amechoka kuona aibu ikikaa sebuleni, basi anataka itoke kwa mlango wowote.

Najua unachowaza: kijana akifungwa, nani atamtunza mtoto? Hilo ni swali la haki, na wanaharakati wengi wa mjini hulipita haraka mno. Nitakujibu bila kukuficha. Sheria haikuachii hiari ya kulinyamazia kosa hili ili upate matunzo. Lakini kesi ya jinai na matunzo ya mtoto ni njia mbili tofauti. Kifungu kilekile cha 53 kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na matunzo yanadaiwa katika mahakama ya watoto. Watuhumiwa wengi huachiliwa kwa dhamana wakisubiri kesi, na wakati huo kijana bado anaendesha pikipiki na bado anapata pesa. Ng'ombe mmoja utamuuza mara moja. Mjukuu wako ana miaka 17 na ushee mbele yake kabla hajawa mtu mzima.

Usiende kituoni peke yako. Pitia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo kwanza, mwende pamoja kwenye dawati la jinsia la polisi, na binti afanyiwe uchunguzi katika hospitali ya umma. Shirika la mawakili wanawake, FIDA, lina ofisi hapa Kisumu na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Simu ya 116 ni ya kusaidia watoto na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zote mbili hazikati pesa, na unaweza kupiga ukiwa kwenye meza yako ya omena.

Na muulize binti mwenyewe. Katika barua yako nzima wazee wamesema, shemeji amesema, mwalimu amesema. Yeye nimemsikia kwa maneno mawili tu, "anataka kurudi". Huenda anamwogopa yule kijana, huenda bado anampenda. Lolote kati ya hayo halibadilishi sheria, lakini linabadilisha namna utakavyokaa naye usiku baada ya kutoka kituoni.

Ukauliza sera ziko wapi. Hapa nitasema kama mtu aliyezitumikia na kuzichoka pia. Sera za mtoto wa kike hazina umbali sawa na mlango wako. Mwaka 2004 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo, yaani pedi za hedhi, na mwaka 2011 ikaondoa ushuru wa forodha. Tulisifiwa dunia nzima. Lakini kushusha bei kunamsaidia mwenye pesa ya kununua. Msichana asiye na kitu mfukoni, bei ishuke isishuke, yuko palepale. Watafiti waliofanya kazi Siaya walikuta wasichana wa shule waliokiri kulala na wanaume ili wapate pesa za sodo. Nyinyi mnaouza samaki mnaijua jaboya, mwanamke kutoa mwili ndipo apewe samaki wa kuuza. Hiyo ya sodo ni dada yake mdogo. Ndiyo maana marekebisho ya sheria ya elimu ya 2017 yalikuwa na maana zaidi: yaliitaka serikali itoe sodo bure, za kutosha, kwa kila msichana aliyebalehe katika shule za umma, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Neno "za kutosha" ndilo bado linasubiri. Muulize binti yako alipata pakiti ngapi kwa mwaka, utajua sheria imefika umbali gani kutoka Nairobi.

Wakubwa wenyewe wameshindwa na somo hili. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika nafasi za kuchaguliwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu lilikuwa limekataa kutunga sheria ya kulitekeleza hilo. Bunge halikuvunjwa.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba ni porojo tupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta kwamba huko Homa Bay, ng'ambo ya ghuba, asilimia 33 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Ule wa 2022 ukakuta 23. Kwa nchi nzima ilishuka kutoka 18 hadi 15. Bado Homa Bay, Migori yenye 23 na Siaya yenye 21 ziko juu mno, lakini nambari inayoshuka namna hiyo haishuki yenyewe. Kuna mwalimu aliyeongea, muuguzi asiyemfokea msichana, mama aliyelipa karo badala ya kupokea ng'ombe.

Sasa nifike mahali ambapo barua yako imenyamaza, na ndipo ninapoogopa zaidi. Binti akiwa darasani, mtoto atabaki na nani?

Nilikuwa na msichana mmoja, nitaficha alikotoka, tuliyempigania kwa miezi miwili. Shule ilikubali. Basari ilitoka. Daftari tulinunua wenyewe ofisini kwa mchango. Alikaa darasani wiki tatu. Nilipokwenda kuuliza, nilidhani amechekwa au kijana amemrudia. La. Bibi yake aliyekuwa anashika mtoto alipata uvimbe wa miguu, akashindwa kusimama, na nyumba ile haikuwa na mikono mingine. Hakuna fomu niliyokuwa nayo ofisini ya kuomba mikono. Serikali ilikuwa tayari kulipia kiti cha msichana yule darasani. Kitoto kilichomkalisha nyumbani hakikuwa katika bajeti ya mtu yeyote.

Si kwamba sheria imekisahau. Fungua Jedwali la Nne la Katiba, orodha ya kazi za kaunti: pamoja na chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, vimetajwa vituo vya kulelea watoto. Ni kazi ya kaunti, kwa maandishi, tangu 2010. Kaunti zetu zilichukua chekechea kwa bidii kwa sababu darasa lina ukuta wa kupaka rangi na utepe wa kukata. Mtoto wa miezi saba hana utepe. Vikao vya bajeti vya kaunti vinapokuja wadini kwenu, nenda uulize kifungu hicho kina shilingi ngapi, na uulize kwa sauti ili karani aandike.

Hilo litachukua miaka, na binti anataka kurudi Jumatatu. Kwa hiyo tupange kwa tulichonacho. Mtoto amevuka miezi sita, anaweza kula uji laini na viazi vilivyopondwa, na hiyo ni nafuu kubwa. Maziwa ya mama si chakula chake pekee tena. Binti amnyonyeshe alfajiri, akamue maziwa kiasi ya kuacha, na kama shule iko karibu aombewe ruhusa ya kutoka mchana. Kama ni mbali, kuna jambo la kumwambia mwalimu mkuu: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea kwa wafanyakazi wake. Walimu wanaonyonyesha wapo katika kila shule. Chumba kikitengwa kwa mwalimu, mwanafunzi akamulie humo humo, hakuna gharama ya ziada.

Mshikaji wa mtoto usimwache kuwa "tutaona". Manyatta mna akina mama wanaolea watoto wa majirani kwa malipo ya siku. Nenda kaone mmoja wao saa tano mchana bila kumwarifu, si jioni anapokutarajia. Hesabu watoto alionao na watu wanaomsaidia. Angalia jiko liko wapi na maji ya kunywa yanatoka wapi. Ukimwona binti mdogo wa miaka kumi ndiye anayebembeleza watoto, ondoka; huyo naye alipaswa kuwa shule. Ukimpata anayefaa, andika malipo yake ya mwezi kwenye karatasi. Hiyo ndiyo namba ya kwanza utakayompa afisa wa watoto atakapokuuliza unataka baba wa mtoto achangie kiasi gani. Watu wengi hufika mahakamani wakidai "pesa ya matumizi", hakimu anakuna kichwa. Wewe utakuwa na hesabu: mlezi kiasi hiki, unga wa uji kiasi hiki, kliniki nauli kiasi hiki.

Na wadogo zake wawili, usimpe yeyote kazi ya kubaki nyumbani "kwa wiki hii tu". Wiki hiyo huwa ndefu.

Sketi usinunue. Mpelekee fundi pale soko la Kibuye afumue mshono wa kiuno, aongeze kipande cha kitambaa pembeni. Kitambaa kikipauka kidogo hakuna atakayekiona chini ya sweta. Siku mtakayopeleka barua binti awe ameivaa, na tai, na viatu vimepakwa rangi, mtoto amebaki kwa mlezi. Mwalimu mkuu akiinua macho akutane na mwanafunzi wake.